AMANA YA NGUVU: Maisha ya Gama, Bingwa wa Mieleka



Katika neema alizotuneemesha Mwenyezi Mungu, nguvu ya mwili ndiyo ionekanayo upesi kwa macho, na ndiyo iondokayo upesi mkononi. Elimu huzeeka na mwenyewe na huenda ikazidi, mali hurithiwa, jina jema husalia baada ya mwenyewe kufunikwa udongo. Ama nguvu, huja na ujana na hutoka pamoja nao. Aliyepewa huiona ni mali yake, na aliyenyimwa huitamani. Lakini ni wachache waionao kuwa ni amana, yaani kitu kilichowekwa kwetu kwa muda, ambacho Mwenyewe atakitaka siku moja, kisha atatuuliza tulikitumia vipi.

Neno hili tumependa kulizungumza mwezi huu kwa ajili ya vijana. Katika nyumba nyingi wazazi hulalamika kwamba watoto wao hukesha mbele ya televisheni na simu wakitazama mieleka ya Marekani, nao huyajua majina ya wapiganaji wale kuliko wayajuavyo majina ya Masahaba. Wako wasemao kuwa mieleka yote ni upuuzi, haifai hata kutajwa katika nyumba ya Mwislamu. Wako wasemao kuwa huo ni mchezo tu, hauna neno. Sisi twaona kuwa pande zote mbili zimekata hukumu kabla ya kusikiliza shauri. Basi na tulisikilize shauri lenyewe, kwa kuyatazama maisha ya Mwislamu mmoja aliyeifanya mieleka kuwa kazi yake, akavuka bahari kushindana na mabingwa wa mataifa, akapata sifa ambayo wachache katika kazi hiyo wameipata. Kisha tuone ni lipi katika maisha yake lililokuwa kubwa zaidi.

Kwanza yafaa ijulikane kuwa mieleka si jambo geni katika dini yetu. Imepokewa kuwa Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) alipigana mieleka na Rukana, mtu aliyesifika kwa nguvu katika Makureshi, akamwangusha. Na katika habari za vita vya Uhud twasoma juu ya vijana wawili wa Madina, Rafii bin Khadiji na Samura bin Jundubi. Rafii aliruhusiwa kuingia katika jeshi kwa kuwa alikuwa hodari wa kutupa mishale. Samura akaona amedhulumiwa, kwani yeye alikuwa akimwangusha Rafii katika mieleka. Wakaambiwa wapigane, Samura akamwangusha mwenziwe, naye akaruhusiwa. Tazameni, enyi vijana, mieleka ile ilikuwa ya nini: haikuwa ya kumdhalilisha Rafii, bali ya kutaka nafasi ya kuwatumikia Waislamu.

Sasa tumjie mtu wetu. Jina lake ni Ghulam Muhammad Bakhsh, lakini dunia ilimjua kwa jina fupi la Gama. Alizaliwa mwaka 1878 katika nchi ya Punjab, Bara Hindi, katika ukoo wa Waislamu wenye asili ya Kashmir ambao kazi yao tangu wazee wao ilikuwa mieleka. Baba yake alikuwa mwana mieleka naye, akafariki Gama angali mtoto wa miaka 6 hivi. Yatima huyo akalelewa na babu yake wa upande wa mama, na baada yake na mjomba wake, nao wote walikuwa watu wa mieleka.

Mwaka 1888 mfalme wa Jodhpur aliwakusanya watu wenye nguvu kutoka pande nyingi za Bara Hindi washindane kwa mazoezi ya kuchuchumaa na kusimama. Walikuja mamia ya watu wazima, na kati yao alikuwamo mtoto wa miaka 10. Wakubwa wakajitoa mmoja mmoja, yeye akaendelea, hata akawa miongoni mwa wachache waliobaki mwisho. Mfalme akampa ushindi kwa ajili ya umri wake. Baadaye akachukuliwa na mfalme wa Datia, akalelewa na kulishwa kwa gharama za nyumba ile ya kifalme. Na ijulikane kuwa mfalme wa Datia alikuwa Mhindu. Neno hili twaomba msomaji alishike, kwani tutalirudia mbele.

Mieleka ya Bara Hindi huitwa kushti, na mwenye kuipigana huitwa pahalwan. Hupiganwa katika uwanja wa udongo laini ulioondolewa mawe, ukachanganywa na mafuta, na ushindi ni kumlaza mwenzio chali mpaka mabega yake yaguse ardhi. Lakini kushti si mapigano tu, ni malezi. Kijana huamka kabla ya alfajiri. Huuchimba na kuusawazisha udongo kwa mikono yake kabla ya kuruhusiwa kupigana juu yake. Humtumikia mwalimu wake, hujitenga na ulevi na uzinifu, na chakula chake huwa maziwa, samli na lozi. Imesimuliwa kuwa Gama katika siku zake za mazoezi alikuwa akichuchumaa na kusimama maelfu ya mara kwa siku moja, na kujiinua kwa mikono maelfu mengine, kisha ndipo akapigana na wenziwe mmoja baada ya mmoja. Kijana wa leo atakaye mwili wa bingwa kwa muda wa miezi miwili, tena kwa dawa za kununua, na ajipime kwa habari hii.

Katika ujana wake alikutana na Rahim Bakhsh Sultaniwala, bingwa aliyekuwa na urefu wa karibu futi 7. Gama urefu wake ulikuwa futi 5 na inchi 7 hivi. Watu walidhani mchezo utakwisha mara moja. Haukwisha, mfupi alisimama na mrefu muda mrefu, wala hapakuwa na aliyeanguka. Tangu siku hiyo jina la Gama likaenea Bara Hindi nzima.

Mwaka 1910 akasafiri kwenda Uingereza pamoja na ndugu yake Imam Bakhsh, naye pia mwana mieleka. Wakati ule Bara Hindi ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza, na wenye kutawala waliamini kuwa wametawala kwa kuwa wao ni bora, kwa akili na kwa mwili. Gama alipofika London akakataliwa kuingia katika mashindano makubwa, na sababu iliyotajwa ni ufupi wake. Hebu fikirini, ndugu zetu: mtu amevuka bahari, amemsimamia jitu la futi 7, anaambiwa kimo chake hakitoshi.

Kijana mwenye hasira angevunja mlango. Gama hakuvunja kitu. Alikodiwa mahali pa kuonyesha kazi yake, ikatangazwa hadharani kuwa yeyote apendaye na aje, wa uzito wowote, naye yu tayari kuwaangusha watatu katika muda wa nusu saa. Watu wakadhani ni maneno ya kuuza tikiti tu. Mwishowe akatokea daktari Mmarekani aitwaye Benjamin Roller, mtu mkubwa mwenye ujuzi wa mieleka. Mwezi wa Agosti 1910 Gama akamwangusha mara mbili, mara ya kwanza kwa muda usiofika dakika mbili. Hapo hapakuwa tena na aliyeuliza juu ya kimo.

Ndipo akawekewa Stanislaus Zbyszko, bingwa wa Poland, mzito kuliko Gama na mashuhuri Ulaya na Marekani. Walikutana tarehe 10 Septemba 1910 katika uwanja wa White City, London. Zawadi ilikuwa pauni 250 na mkanda wa ubingwa ulioitwa mkanda wa John Bull. Katika dakika ya kwanza tu Gama akampeleka Zbyszko chini. Lakini mieleka ile ilikuwa ya kizungu, ya juu ya godoro, ambayo mtu aangukapo kifudifudi hajashindwa mpaka mabega yake yageuzwe yaguse chini. Zbyszko alilijua hilo. Akajilaza kifudifudi, akaukaza mwili wake mzito, akakataa kugeuzwa. Gama alimvuta, alimsukuma, alimzunguka. Yule akabaki pale pale muda wa saa mbili na nusu na zaidi, mpaka jioni ikawaondoa uwanjani bila mshindi. Wakaagana kukutana tena tarehe 17 Septemba. Siku hiyo Gama akafika. Zbyszko hakufika. Gama akapewa ushindi na mkanda. Na mwezi huo huo ndugu yake Imam Bakhsh akamwangusha John Lemm, bingwa wa Uswisi.

Huenda msomaji akauliza: je, ushindi wa kumngoja mtu asiyekuja ni ushindi gani? Sisi twasema kuwa huo nao una mafunzo yake. Gama alikuja alipoahidi. Kutimiza ahadi ni nusu ya ushujaa, na wengi wetu, wenye nguvu na wasio na nguvu, tungalishindwa hapo.

Aliporudi Bara Hindi alikutana tena na Rahim Bakhsh Sultaniwala katika mji wa Allahabad, akamshinda, akaitwa Rustam-e-Hind, kwa jina la Rustam, shujaa mkuu wa hadithi za Kiajemi. Na mwezi wa Januari 1928 Zbyszko mwenyewe akaja Bara Hindi kumaliza shauri la miaka 18. Wote wawili walikuwa wamekaribia umri wa miaka 50. Walikutana Patiala, kwa mfalme Bhupinder Singh, Kalasinga aliyependa sana michezo, mbele ya maelfu ya watu. Mara hii hapakuwa na godoro. Palikuwa na udongo. Shauri la saa mbili na nusu za London likakatwa Patiala kwa muda usiotimia dakika moja. Zbyszko alikuwa chali.

Hapa hatuna budi tusimame kidogo tuseme neno juu ya kazi yenyewe, kwa kuwa vijana wetu huuliza: mbona mieleka ya televisheni haifanani na hii?

Jibu ni kuwa katika miaka ile ile mieleka ya kulipwa ya Marekani ilikwisha kugeuka kuwa mchezo wa mapatano. Wenye kuiendesha walipanga mapema nani ashinde na nani aanguke, ili watazamaji wazidi kuja. Zbyszko huyu huyu alikuwamo. Mwaka 1925 katika mji wa Philadelphia alipangiwa aanguke mbele ya Wayne Munn, mtu mkubwa aliyefanywa bingwa kwa umbo lake bila ya ujuzi mwingi. Zbyszko akala njama na upande wa wapinzani wa wale mabwana, akavunja mapatano uwanjani, akamwangusha Munn kwa mieleka ya kweli mbele ya watu. Haukupita muda mrefu akauacha ubingwa ule umwendee Joe Stecher, kama walivyokuwa wameelewana. Tazameni uwongo unavyozaa uwongo: waliowadanganya watazamaji wakadanganywa nao, na ukweli ukaingia uwanjani kama mwizi.

Na kama yuko kijana asiyetaka kutuamini sisi, na awaamini wenyewe. Mwaka 1989 wakuu wa kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, iliyokuwa ikiitwa WWF na baadaye ikaitwa WWE, walieleza mbele ya watunga sheria wa jimbo la New Jersey kuwa kazi yao ni burudani, wala si mashindano ya kweli, ili waepukane na kanuni za serikali zinazosimamia michezo. Maonyesho ya kampuni hiyo yamefanywa hata Saudi Arabia, yakiwemo ya Jeddah mwaka 2018, na maelfu ya vijana wa Kiislamu wakahudhuria. Hatusemi kuwa wapiganaji wale hawaumii. Huumia sana, na kuanguka kwao ni ujuzi wa miaka mingi ya mazoezi. Twasema tu kuwa kijana anayetazama ajue anachokitazama. Anayeuona mchezo wa kuigiza akaudhani ni vita, kisha akamwinua mdogo wake na kumbwaga juu ya sakafu ya saruji, hakuiga ushujaa. Ameiga kitu ambacho hata wenyewe hawakifanyi vile anavyodhani.

Tumrudie Gama, kwani jambo kubwa la maisha yake bado hatujalitaja, nalo halikutukia uwanjani.

Mwaka 1947 Bara Hindi iligawanywa, ikazaliwa Pakistan. Nchi ya Punjab ikakatwa vipande viwili. Waislamu, Wahindu na Makalasinga waliokaa pamoja karne nyingi wakageukiana. Malaki ya watu waliuawa na mamilioni wakayahama makwao, huku treni zikiwasili zimejaa maiti. Hapana dini iliyosalimika na wauaji, na hapana dini iliyokosa kuuawa. Gama wakati huo alikuwa mtu wa karibu miaka 70, akikaa Lahore, katika Mohni Road, mtaa uliokuwa na majirani Wahindu.

Wasimulizi wa maisha yake wameeleza kuwa aliwaahidi majirani wale kuwa hawatadhuriwa naye yungali hai. Kundi la watu wenye ghadhabu lilipoingia mtaani kuwatafuta Wahindu, lilimkuta mzee amesimama na wanafunzi wake wa mieleka njiani. Wanasimulia kuwa kiongozi wa kundi alipotaka kupita, Gama alimzaba kofi moja tu, na kundi likarudi lilikotoka. Kisha hali ilipozidi kuwa mbaya aliwasindikiza majirani wake kuelekea mpakani, na chakula cha njiani akawapa kwa fedha yake.

Sasa na tulirudie lile neno tulilomwomba msomaji alishike. Mwili ule uliosimama njiani Mohni Road ulijengwa na nani? Maziwa yake yalitoka katika nyumba ya mfalme Mhindu. Uwanja wake wa Patiala alitandikiwa na mfalme Kalasinga. Gama angaliweza kusema kama walivyosema wengi mwaka ule: leo ni leo, wao ni wao na sisi ni sisi. Lakini mwenye amana hasemi hivyo. Alijua kuwa nguvu yake ni deni, na siku ya kulipa deni ilipofika alilipa kwa yule aliyekuwa karibu, naye ni jirani. Wala hakulitoa jambo hili nje ya dini yake. Alilitoa ndani yake. Mtume wetu (S.A.W.) aliusiwa sana na Jibrili juu ya haki ya jirani, mpaka akadhani kuwa jirani atafanywa mrithi. Na haki ya jirani haikuwekewa sharti la kuwa awe Mwislamu.

Tena Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha kuwa mwenye nguvu hasa si yule anayewaangusha wenziwe, bali ni yule anayeitawala nafsi yake inapopandwa na ghadhabu. Mafunzo hayo twayajua wengi, na twayasoma misikitini. Katika mtaa ule wa Lahore walikuwako watu wa namna mbili: mamia waliobebwa na ghadhabu yao, na mmoja aliyejua kuangusha watu lakini aliyetumia kofi moja badala ya kuua. Kila mmoja na ajiulize ni upi kati yao uliokuwa upande wa wenye nguvu.

Baada ya hapo ile amana ikaanza kurudi kwa Mwenyewe. Gama aliugua moyo na pumu. Mkono uliomlaza Zbyszko ukawa unatetemeka, na kifua kilichomsimamia Sultaniwala kikawa hakipati pumzi. Mali ya mabingwa wa zamani haikuwa kama ya mabingwa wa leo. Fedha yake ikapungua, ikawa shida kulipia matibabu. Habari zake zilipoenea, alimsaidia kwa fedha tajiri mmoja wa India, G. D. Birla, naye alikuwa Mhindu; na serikali ya Pakistan nayo ikamsaidia. Akafariki Lahore tarehe 23 Mei 1960, akiwa amefikia umri wa miaka 82. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Twaona uchungu kusoma kuwa mtu aliyeshangiliwa na maelfu alifika kuhitaji msaada kitandani. Lakini uchungu huo usituishie Lahore. Katika mitaa yetu wako wazee waliobeba magunia bandarini, waliojenga misikiti tunamosali, waliocheza mpira kwa ajili ya miji yetu, na leo hawana wa kuwapelekea hata bakuli la uji. Tulizipenda nguvu zao, hatukuwapenda wao. Mtoto anayemsikia baba yake akimsifu bingwa wa televisheni, naye hamwoni baba huyo akimjulia hali babu aliyelala chumba cha pili, atajifunza kuwa mtu ana thamani madhali ana misuli. Kisha mtoto huyo huyo atakuwa mtu mzima, na sisi tutakuwa wazee.

Ukoo wa Gama uliendelea na kazi ile baada yake, na humo mna fundisho jingine. Tarehe 12 Desemba 1976 mpwa wake, Akram, mwana wa Imam Bakhsh, alipigana Karachi na Antonio Inoki, Mjapani mashuhuri ambaye miezi michache kabla yake alikuwa amekutana na ndugu yetu Muhammad Ali mjini Tokyo. Akram hakuwa kijana tena. Inoki aliushika mkono wake akaukunja, Akram akakataa kusalimu amri, mkono ukaumia vibaya, na mchezo ukaishia hapo. Mwaka 1979 kijana wa ukoo ule, Zubair aliyejulikana kwa jina la Jhara, akakutana na Inoki Lahore. Watu walitaka kisasi. Mchezo ukaisha bila ya mmoja kumwangusha mwenziwe, na Inoki, bingwa mgeni, akaushika mkono wa kijana yule akauinua juu mbele ya watu wake. Ghadhabu ya miaka mitatu ikazimwa na mkono ulioinuliwa. Ufunguo ulikuwa kwa mgeni, naye akautumia. Hekima ni kitu kilichompotea muumini. Popote akipatapo ana haki nacho zaidi.

Basi, enyi vijana wetu, hukumu yetu katika shauri hili ni hii. Mieleka ya kweli si dhambi, na mwili wenye afya ni katika neema za Mwenyezi Mungu. Fanyeni mazoezi. Lakini yashikeni mambo manne.

Kwanza, amkeni na alfajiri kama wafanyavyo mapahalwan, na kabla ya udongo wa uwanja paji la uso liguse ardhi kwa sijida. Mazoezi yanayopoteza Sala ni hasara.

Pili, jisitirini. Pahalwan wa Bara Hindi hupigana na kitambaa kidogo kiunoni, na katika hili hatumfuati. Uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti, na michezo haikuuondoa wajibu wa kuusitiri. Wala msipigane usoni, kwani tumekatazwa kumpiga mtu uso.

Tatu, jitengeni na kamari. Wako wanaotazama mieleka na michezo mingine, macho yao yakiwa kwenye fedha waliyoweka. Na atakaye kuifanya mieleka kuwa kazi ya kumlisha, amwendee shekhe wake amweleze masharti ya zawadi katika mashindano, kwani wanazuoni wameyafafanua.

Nne, nalo ndilo kubwa, ijueni nguvu yenu mnamlinda nani kwayo. Yuko kijana mwenye misuli ambaye dada yake humwogopa, na mkewe atamwogopa. Huyo hajapata nguvu. Amepata silaha tu. Na yuko kijana ambaye akiingia mtaani kikongwe hujiona salama, mtoto dhaifu hupata pa kukimbilia, na jirani asiye wa dini yetu hulala bila ya hofu. Huyo, hata kama hajawahi kumwangusha mtu, amesimama pale aliposimama Gama mwaka 1947.

Nanyi wazazi, msizime televisheni kwa hasira mkaondoka. Kaeni na watoto wenu, waambieni lipi ni la kweli na lipi ni la kuigiza, kisha wasimulieni habari za Samura na Rafii, na habari za mzee aliyesimama njiani Lahore. Mtoto aliyenyimwa hadithi njema ataitafuta mbaya.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azibariki nguvu za vijana wetu, azifanye ngao kwa wanyonge wala asizifanye fitina, awahurumie wazee wetu walioishiwa na nguvu, na amrehemu Ghulam Muhammad Bakhsh pamoja na Waislamu wote waliotangulia. Amin.

Wassalaam.